Ndege Waliyoiita Bilan

"Bilan imefika! Inachechemea kama kawaida!"

Wapagazi wa uwanja wa ndege wa kambi ya Dagahaley walicheka. Ndege ndogo kuukuu ilikuwa imetua, imelalia upande wa kushoto. Bilan mwenyewe, muuguzi aliyekuja kupokea chanjo, alisimama ghafla. Tangu utotoni mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi.

Rubani Diriye, mchumba wake, alishuka akitamani ardhi immeze.

"Diriye, nani ameipa ndege jina langu?"

Marubani hubandika ndege zao majina, moja Punda, nyingine Kikaango. Hii, Diriye mwenyewe ndiye aliyeibandika jina la Bilan, siku moja akiwa Garissa, ili wenzake wacheke. Na walicheka kweli.

"Ni Mustafe," alisema.

Mwongo mkubwa! Yeye na Mustafe, rubani mwenzake, walikuwa chanda na pete, na Mustafe alikuwa ameshapeleka posa kwa Iftin, dada yake Bilan. Jioni hiyo baba yao, aliposikia habari ya jina lile, aliikataa posa.

Ujumbe wa Mustafe ukaingia kwenye simu ya Diriye.

"Walaal, ndugu yangu, nimekataliwa. Eti nimemtukana binti yao. Nimenyamaza kwa ajili yako. Sema wewe."

Diriye aliandika, akafuta, akaandika tena. Alijiona mchafu. Asubuhi akampigia Bilan.

"Lile jina nililitoa mimi, si Mustafe. Wallahi nilitaka tu kuchekesha watu."

Akaharakisha kuongeza:

"Bilan, nisamehe."

"Diriye, kwetu watu huitana kwa vilema vyao. Mjomba wangu anaitwa Chongo, na anaitika. Ungeniambia jana, ningekununia wiki moja, yakaisha."

"Basi..."

"Basi nini? Iftin amelia usiku kucha. Mguu huu haujawahi kunitia aibu, wewe umenitia. Njoo uyaseme mbele ya baba."

"Na harusi yetu?"

"Kwanza ya Mustafe."

Alikwenda. Alisema yote macho yakiwa mkekani, mzee akimsikiliza bila kumkatiza. Mustafe akaitwa, akaombwa radhi, akapewa Iftin wake. Vigelegele vikapigwa nyumba nzima.

Diriye alimfuata Bilan mlangoni.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, kaka."

Miaka miwili ya uchumba, hakuwa amemwita kaka hata siku moja. Diriye alitaka kumbembeleza, akaelewa kuwa amechelewa.

"Haya, dada," alijibu, akavaa viatu vyake.