Alama katika Damu ya Abdiel

Kila asubuhi Aika aliwapikia wanawe uji nyumbani kwao Sekei, chini ya mlima, kisha akaenda Tengeru kuuza mitumba. Binti yake, Agnela, alikuwa na kisukari. Alichomwa sindano za insulini kila siku. Mdogo wake, Abdiel, alikuwa mzima, mtundu, hatulii.

Agnela aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo akiwa ameshazimia. Aika hakuisahau siku ile. Kwa hiyo madaktari walipoomba kumpima damu Abdiel, waone kama naye yuko hatarini, alikubali.

Majibu yakatoka. "Damu yake ina kingamwili za kisukari," aliambiwa.

Aika hakungoja kuelezwa zaidi. Alirudi nyumbani amechoka mwili na roho. Jioni hiyo alimtengea Agnela kikombe chake na sahani yake, akamhamishia chumba kingine.

Agnela akanywea. "Mama, ni mimi niliyemwambukiza Abdiel?"

Kesho yake Aika alirudi hospitali kumwona muuguzi, Hedwiga.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, Mama Agnela. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Aika akamweleza yote. Hedwiga akamvutia kiti.

"Kisukari hakiambukizi, mama. Si kwa kikombe, si kwa kitanda. Sikiliza. Mwili una kinga ya kupigana na vijidudu. Wakati mwingine kinga hiyo inakosea. Inashambulia kongosho, mahali insulini inapotengenezwa. Vita hivyo huacha alama katika damu. Alama hizo ndizo kingamwili tulizoziona kwa Abdiel."

"Basi anaumwa?"

"Leo haumwi. Sukari yake iko sawa. Ila anaweza kuugua baadaye. Lini, hatujui."

"Nimnyime sukari? Nimtafutie mitishamba?"

"Havitazuia. Wewe mwangalie. Akinywa maji kupita kawaida, akikojoa sana, akikonda, mlete siku hiyohiyo."

Nyumbani Aika alimkumbatia binti yake. "Hukumwambukiza mtu, mwanangu. Nilikosea mimi."

Usiku huo watoto walikula sahani moja.

Abdiel alikua, akaanza shule. Mwezi mmoja wa baridi akaanza kukojoa kitandani.

"Ni baridi ya huu mlima," alisema baba yake, Nathanaeli. "Tungoje wiki iishe."

"Hatungoji, Baba Agnela. Jana kamaliza jagi zima la maji. Na tazama kaptula inavyomvuka."

Ilikuwa siku ya soko. Aika aliacha marobota ya nguo mlangoni, wakaenda hospitali wote watatu.

Sukari ilikuwa imepanda. Lakini Abdiel aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akibishana na baba yake habari za mpira.

"Mmemwahi," alisema Hedwiga. Insulini ikaanza siku ileile.

Asubuhi moja, baada ya kurudi nyumbani, Abdiel aliiona sindano akajificha nyuma ya mlango. Agnela akamfuata.

"Njoo. Nitakuonyesha mahali pasipouma sana."

"Kweli?"

"Kweli. Mimi nimezoea."

Akatoka, amemshika dada yake mkono. Haikupita muda, wote wawili walikuwa mezani, wanagombania ndizi kubwa. Aika aliwasikia, akawaacha wagombane.