Mbelewele Zilizokatwa

Kila alipotoka shuleni, Vestine aliwatafutia mbuzi majani pale Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kiangazi kilipokausha nyasi, aliona njia rahisi. Aliingia kwenye mahindi ya mama yake, Adélaïde, akakata mbelewele zote, yale maua ya kileleni. Hakuona ubaya, kwa kuwa matawi ya muhogo hukatwa kila msimu na muhogo unaendelea kuzaa.

Wakati wa kuvuna, mama yake alimenya hindi moja, kisha jingine. Yote yalikuwa na punje chache kama meno ya kikongwe. Aliketi chini akalia.

Mjomba Damascène hakulia. "Ni Karekezi," alisema. "Tuligombana naye juu ya mpaka wa shamba. Ametuloga."

Wanaume walimburuta jirani yao kutoka nyumbani kwake. Fimbo ya kwanza ilimpasua mdomo, jino likaanguka. Nyingine ilimpiga mkono, na Vestine akasikia mfupa ukivunjika. Alikumbuka mbelewele alizokata, akaogopa. Akisema, fimbo zile zitamgeukia yeye. Kisha Damascène akainua jembe juu ya kichwa cha Karekezi.

Vestine alijitupa katikati yao. "Mjomba, umuache. Ni mimi nilikata mbelewele. Nilipatia mbuzi."

Mwalimu Mukandayisenga, aliyekuja mbio kwa kusikia mayowe, alimnyang'anya Damascène jembe. Kisha akawageukia wanaume kwa hasira.

"Mbelewele ni dume la mhindi," alisema. "Ndevu za hindi ni jike. Vumbi la dume lisipoangukia ndevu, punje hazizaliwi. Muhogo hauhitaji dume, kipande cha shina lake kinatosha kuzaa mwingine. Haya mahindi yalikuwa peke yake katikati ya mihogo. Vumbi lingetoka wapi? Mngeuliza kwanza, lakini mlikimbilia fimbo."

Wanaume waliangusha fimbo. Walimbeba Karekezi hadi kwenye gari la kwenda Mbarara.

Karekezi alirudi kutoka hospitali ya Ruharo akiwa na plasta ngumu mkononi. Alimkuta Damascène akimlimia shamba lake, na Vestine akipalilia nyuma yake. Mjomba aliomba msamaha bila kuinua macho. Vestine naye alipiga magoti.

Karekezi alimwinua Vestine kwa mkono wake mzima.

"Uliniokoa, mtoto wangu, na nashukuru," alisema. "Ila ukikosea tena, kuja useme mapema, wakati mifupa ya watu ingali mizima."