Taa Iliyofichwa Stoo

Jumamosi hiyo duka la baiskeli lilifurika watu. Fundi cherehani alisubiri nusu saa nzima, amevaa suruali ya buluu aliyoishona mwenyewe na kuitia mistari inayong'aa gizani. Alipofika kaunta akaomba taa ya dainamo, ile inayowashwa na mzunguko wa gurudumu. Fundi baiskeli akamuuliza kama ni ya mumewe.

"Mume akipatikana atajinunulia yake," alimjibu. "Mimi naingia safari ya baiskeli ya kila mwaka, kilomita mia nne, jioni hadi jioni ya pili. Nionyeshe taa."

Watu wakacheka. Fundi baiskeli, haya imemshika, akamwingiza stoo kwenye giza, akafunga taa kali kuliko zote kwenye baiskeli na kuzungusha gurudumu kwa nguvu. Mteja akamwambia alizungushe polepole, kama mtu anayepanda mlima. Taa ikafifia, ikabaki kama njiti ya kibiriti. Hakuna aliyewahi kumwambia fundi baiskeli ajaribu hivyo, na baadaye alikiri kwamba moyo wake ulimwendea mwanamke huyo palepale.

Wakachagua nyingine: isiyofifia mwendo ukiwa mdogo, isiyozimika ukisimama, isiyopiga macho ya madereva. Hiyo ilibidi iagizwe. Huku wakiingoja, wakapendana.

"Umeamkaje, Fundi?" fundi baiskeli alikuwa akimpigia simu kila asubuhi.

"Salama, Fundi. Taa yangu?"

"Haijafika, mpenzi. Ingefika ningeificha wapi?"

Naye akaamini. Mwaka uliotangulia betri za taa zilimzimikia mlimani, akasukuma baiskeli hadi kukakucha huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Safari hii aliapa kumaliza.

Zikibaki wiki mbili, alipita dukani mchana. Fundi alikuwa ametoka, kaunta yuko dada yake.

"Wifi, hii taa yako utaichukua lini? Imekaa stoo mwezi mzima."

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi mzima! Asubuhi zote zile, mpenzi huku na mpenzi kule, na taa imefunikwa gunia! Damu ilimchemka. Fundi aliporudi na kuliona boksi juu ya kaunta, hakuhitaji kuambiwa.

"Niliogopa," alisema. "Malori, usiku, wewe peke yako. Nilijua bila taa hutakwenda."

"Mimi mtoto? Ukiogopa, niambie unaogopa, nitakusikiliza. Lakini unaniita mpenzi, na kwa mdomo huohuo unaniongopea?"

Akabeba boksi lake akaondoka. Kwa siku kumi simu iliita mpaka ikachoka.

Siku ya kumi na moja fundi akaja mwenyewe kwenye chumba cha ushonaji. Wateja wawili walikuwa wamekaa. Hakuomba waondoke.

"Nilikudanganya," alisema, "na nisisingizie mapenzi. Nilitaka kukuamulia."

Mwanamke akamaliza upindo aliokuwa akishona, akakata uzi. Alimwambia wazi kwamba bado amekasirika, na kwamba kesho pia atakuwa amekasirika. Kisha akamuuliza usiku wa safari atafanya nini.

"Nitaogopa. Na nitakuambia kwamba naogopa."

Mwanamke akalivuta boksi kutoka chini ya meza, akamwonyesha baiskeli ukutani. Fundi akapiga magoti, akafunga dainamo, akaanza kupitisha waya. Bila kuinua kichwa, akamwomba waoane. Wateja wakaacha hata kupumua.

"Hasira zangu hazijaisha," alisema fundi cherehani. "Niulize nikirudi. Na kaza vizuri huo waya, maana nakusudia kurudi."