Pete ya Paavia

Malik alitia koleo kwenye tope, likagonga mwamba. Alisogea hatua moja, akachimba tena. Mwamba.

Ilikuwa siku ya tatu. Kila maji yalipokupwa, alishuka ufukweni kuchimba njia ya boti. Wiki iliyopita boti yake ilikwama hapo, pangaboi la injini likavunjika. Nyama ya sili aliyemwinda baharini ilibidi ibebwe mgongoni.

"Malik! Unachimba kisima baharini?" aliuliza Nivi, jirani yake. Nivi ndiye anayetunza chombo cha kupimia kilichofungwa mwambani nyuma ya kanisa letu.

"Cheka tu. Kijito kimeleta tope, naliondoa."

"Tope liko wapi? Umefika kwenye mwamba."

Mama yake Malik, Bibiane, alikuwa ameketi juu ya jiwe. Mjukuu wake alikuwa kando yake, anatafuna samaki mkavu. Juu yao ilikuwapo pete ya chuma. Marehemu mume wake, Paavia, aliipigilia mwambani miaka thelathini iliyopita. Kila jioni Bibiane aliitazama boti kutoka dirishani. Ikiwa imefungwa hapo, alijua mumewe amerudi. Sasa hakutaka ifungwe kwingine.

"Mama," Nivi aliuliza, "zamani maji yakijaa yalifika wapi?"

"Yaliigusa pete. Paavia alilowa mikono akifunga kamba."

Nivi aliutazama mstari wa mwani kwenye mwamba, pale maji yanapofika sasa yakijaa. Akaupima kwa mkono wake, toka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Pete ilikuwa juu ya mstari kwa mkono mzima.

"Tope halinyanyui pete," alisema. "Mwamba wenyewe umepanda. Chombo changu huzungumza na setilaiti, na kila mwaka kinaonyesha tumepanda kidogo."

"Mwamba upande? Kwani ni mkate?" alisema Malik.

"Barafu kuu nyuma ya milima ina unene wa hadi kilomita tatu. Uzito wake uliibonyeza nchi. Sasa inayeyuka, mzigo unapungua, nchi inainuka. Tena kwa uzito huo barafu huyavuta maji ya bahari upande wake, kama mwezi unavyoyavuta. Ikipungua, maji nayo yanatuondokea."

"Yanakwenda wapi?"

"Mbali, hata nchi za joto. Huko bahari inapanda, na watu wanahamisha nyumba zao. Sisi tuhamishe pete tu. Ukichimba, utavunja koleo pia."

Bibiane alipapasa jiwe alilokalia.

"Kama godoro langu," alisema. "Paavia alilala upande wa ukutani. Pale palibonyea, shimo la mtu mzima. Alipofariki, nilidhani litabaki vile. Limeinuka polepole. Sasa nikipapasa, ni sawasawa tu."

Malik aliliweka koleo chini.

"Pale kwenye ncha ya mwamba kuna kina, hata maji yakipwa," Nivi alisema taratibu. "Lakini kutoka dirishani hapaonekani."

Bibiane alimgeukia mjukuu wake. Mtoto huyo ni wa kike, ana miaka minne. Alizaliwa mwaka ule babu yake alipofariki, akapewa jina lake. Kwetu, jina likirudi, mwenyewe naye amerudi. Basi Bibiane humwita "mume wangu", na hakuna anayecheka.

"Mume wangu," alisema, "pete yako wanataka kuihamisha. Unasemaje?"

Paavia mdogo alifikiri huku akitafuna.

"Tuhame. Hapa pana baridi."

"Miaka yote ile hukulalamika baridi!"

Bibiane alicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Haya, Malik. Umemsikia baba yako. Lakini hii ya zamani usiing'oe."

Malik na Nivi waliikokota boti hadi majini, wakaipeleka kwenye ncha kwa makasia. Waliifunga boti kwa nanga, ikaelea ingawa maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Wakaanza kutoboa mwamba kwa mashine, tundu la pete mpya. Tundu lilipofika nusu, betri ikaisha.

"Kesho," alisema Malik.

Jioni hiyo Bibiane hakukaa dirishani. Alivaa koti, akamshika Paavia mkono. Wakatembea mpaka ncha kuiangalia boti.

"Ipo?" aliuliza mtoto.

"Ipo, mume wangu. Umerudi."