Mgongo Uliobaki

Jumamosi ya sikukuu ya Agosti, duka la mikate la Mama Sousa lilifurika watu hadi barabarani. Mreno wa mji wa Fall River, mwendo wa saa moja kutoka Boston, yuko radhi kukosa misa kuliko kukosa mkate mtamu siku kama hiyo. Kila mtu alishika kikaratasi chake cha namba. Delfina Medeiros, wengi wakimwita Fina, kavaa gauni jekundu la madoadoa na kukumbatia mfuko wa nguo kifuani, alikuwa na sitini na mbili. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye buti za kazi, namba sitini na moja. Kabatini mkate ulibaki mmoja.

Kijana akageuka. "Dada, ukinitazama hivyo mkate hautapita kooni."

"Nautazama mkate. Wewe sijakuona bado."

"Basi nione, halafu tugawane. Gil Arruda, fundi bomba. Bibi yako akiniulizia, mwambie nasali."

"Umejuaje nina bibi?"

"Anayehangaikia mkate hivi katumwa na bibi. Na huo mfuko unaoukumbatia, una nini?"

"Sare. Naanza uuguzi Septemba."

"Hee! Wapi?"

Hapo ndipo Fina alipoharibu. Majira ya kuchipua alipata barua mbili. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu cha Boston, miaka minne. Ya pili ilitoka chuo cha jamii, palepale mjini: miaka miwili, wodini tangu muhula wa kwanza, na jioni unalala kwako. Watu mia tatu waliomba nafasi hiyo, arobaini wakachukuliwa. Miguu ya bibi yake, Natália, ilikuwa imeshaanza kumgomea, na Fina hakutaka alelewe na majirani. Alichagua chuo cha jamii kwa akili timamu, wala hakulazimishwa na mtu. Lakini baada ya misa wanawake walimuuliza anasoma wapi, na akiwajibu walisema, "Aa, hapahapa," kwa sauti ya kumpa mtu pole. Ile "hapahapa" ilimkaa rohoni.

"Boston," akasema, na kuukunja mfuko vizuri ili sare ya kijani isichungulie.

Waligawana mkate, wakapendana, na chuo kilipofunguliwa uongo ule ukawa na kazi kila asubuhi. Gil alikuwa akipiga simu saa moja kamili.

"Kipenzi, barabara ya Boston leo vipi?"

"Foleni tupu, mpenzi. Tumesimama tu." Naye alikuwa ameegesha gari kwenye maegesho ya chuo cha jamii, dakika saba kutoka kwa bibi yake, anakula yai.

"Pole, roho yangu. Ukiwa muuguzi mkubwa usije ukanisahau."

"Bomba zangu atazitengeneza nani?"

Fina alicheka naye. Mara nyingi alitaka kumwambia, na kila alivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Gil akisema atamfuata Boston wale chakula cha mchana, alimwambia ana mtihani. Akitaka kumpeleka kwao akamwone baba yake, alimwambia wiki ijayo.

Ikaja Novemba. Hospitalini kila chuo kina rangi yake, na kijani ni chuo cha jamii. Asubuhi hiyo wanafunzi walifungia simu zao kabatini kama kawaida, Fina hajaitazama yake, naye akapewa mzee aliyelazwa usiku kwa kuvunjika nyonga. Jina ubaoni lilikuwa Arruda, lakini ukirusha jiwe Fall River litampata Arruda, kwa hiyo hakuwaza lolote. Mzee alikuwa amesinzia kwa dawa za maumivu; Fina akamfungua gauni, akamwosha mikono, kifua na miguu, kisha akamgeuza ubavu kwa taratibu, uso ukaelekea ukutani. Alikuwa ndiyo kwanza ameupaka mgongo sabuni aliposikia sauti kule kwenye meza ya wauguzi.

"Namtafuta baba yangu. Nimemletea supu."

Ilikuwa sauti ya saa moja kamili.

Fina aliitazama sare yake ya kijani, akautazama mlango. Akaweka kitambaa, akapita nyuma ya pazia, akaingia stoo ya mashuka na kujifungia. Kutoka mle alimsikia mzee akiita, "Binti? Binti, uko wapi?" Hakwenda. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mzee wa watu hakuwa maiti, alikuwa hai, anasikia baridi, na mwosha wake kajificha kwenye mashuka.

Jioni alikaa garini mwake na simu ikaita.

"Umepata ujumbe wangu wa alfajiri?" Sauti ya Gil ilikuwa inakwaruza. "Mzee kaanguka ngazini."

"Nimeupata. Pole, Gil."

"Fina, leo nimeona kitu. Nimeingia namkuta Mzee uchi, povu limemkaukia mgongoni, anatetemeka, hata kugeuka hawezi. Kuna mwanafunzi alikuwa anamwosha, kamwacha hivyohivyo! Nimemfunika na koti langu la kazi. Baba yangu, Fina. Ameniomba nisimwambie mtu kwamba alilia."

Fina alizima injini, na Gil akaendelea.

"Wewe ungefanya hivyo? Niambie, wewe ungeweza?"

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama lile la Boston.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Aliyemwacha ni mimi. Sisomi Boston, sijasoma hata siku moja. Nasoma hapa, chuo cha jamii. Nilisikia sauti yako, nikaona aibu utaniona na kijani, nikakimbia. Nilipoanza kumwosha sikujua ni baba yako."

"Angekuwa baba wa mwingine ingekuwa sawa?"

"Hapana."

"Chuo sijali mimi! Hata ungesomea jikoni kwa bibi yako, ningekuletea chakula. Umekionea aibu kitu kisicho na aibu, halafu chenye aibu ukakifanya. Mzee alikuwa uchi, Fina."

Akakata simu. Fina alilia mpaka vioo vya gari vikaingia ukungu, na safari hii hakuwa anawalilia wanawake wa kanisani.

Kesho yake, kabla hajaulizwa, alikwenda kwa mwalimu wake, Bi Bettencourt, mama mfupi asiyeinua sauti kamwe. Akamweleza yote, hata stoo ya mashuka.

"Kumwacha mgonjwa ni kosa la kukufukuzisha," alisema Bi Bettencourt. "Kwa kuwa umekuja mwenyewe, naandika onyo. La pili halitaandikwa, utavua sare. Sasa nenda kamwombe radhi. Akikubali umwoshe, utamwosha mimi nikiwa mlangoni. Akikataa, nitamuunga mkono yeye."

Fina alisimama miguuni pa kitanda, sare ya kijani imenyooshwa vizuri, beseni mkononi.

"Mzee Arruda, ni mimi niliyekuacha jana. Nilijificha. Naomba radhi, na sina kisingizio."

Mzee alimkazia macho usoni. "Wewe ndiye wa mkate?"

"Ndiye mimi."

"Picha yako imo kwenye simu ya mwanangu. Ananionyesha mpaka nachoka." Akakohoa. "Jana nilidhani nimenuka, ndiyo maana umekimbia."

Hilo lilimchoma Fina kuliko maneno yote ya simu. "Hapana, Mzee. Aliyekuwa ananuka ni mimi."

Mzee akanyoosha mkono, akashika chuma cha kitanda, na Fina akamsaidia kugeuka pole kwa pole mpaka akaelekea ukutani.

"Mgongo ulibaki," alisema.

Fina akamfungua gauni. Alimwosha kuanzia shingoni, polepole, akifunika kila alipomaliza, machozi yakimdondokea mkononi naye asiyafute. Hakusikia mlango. Gil alikuwa ameingia, kavaa buti zake, sufuria ya supu ya sukuma wiki mkononi. Fina alimwona, lakini mkono wake haukuondoka mgongoni pa mzee.

Gil alisimama pale akimtazama yeye na kijani chake. Kisha akaweka sufuria chini, akaja kitandani, akatia kidole ndani ya beseni.

"Maji yamepoa," alisema. "Endelea kumshika. Nakuletea mengine."