Nyumba Isiyo na Ndani

Kuku ndio walioanza kukataa. Kila jioni Uwimbabazi aliwaswaga hadi mlangoni, nao kila jioni wakasimama pale, wakageuka, wakaenda kulala nje juu ya mawe meusi ya volkano.

"Ni ugeni tu," alimwambia binti yake, Daniella. Na kweli walikuwa wageni. Nyumba yao ya mbao ilikuwa imefunguliwa ubao kwa ubao mtaa wa pili, ikapakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikasimamishwa upya hapa, kwenye kiwanja alichokinunua baada ya miaka ya kupanga viwanja vya watu na kufukuzwa. Chini ya lava ile, majirani walisema, kuna nyumba ya mtu. Uwimbabazi hakujali. Nusu ya Goma imekaa juu ya nyumba za watu.

Kisha harufu ya maharage yanayoungua ikaanza kupanda sakafuni, jiko likiwa baridi. Kisha Daniella akawa anacheka peke yake chumbani, mchana kweupe. Alipoulizwa anacheka na nani, akasema, "Na ule mama. Anasema mimi ni mutoto wake."

Hapo Uwimbabazi akakumbuka. Siku ya kuhamia, kuta zimesimama na mlango bado haujapachikwa, sauti ya mwanamke ilipiga hodi. Naye, mikono imejaa masufuria, alijibu bila kugeuka kama anavyojibu kila mtu: karibu. Alipogeuka hakuona mtu, na shughuli zikamsahaulisha.

Alimwita Janvier, fundi aliyeisimamisha nyumba.

"Mama Daniella, hama tu," Janvier alinong'ona. "Hii fasi tulipojenga iko na mwenyewe."

Hajamaliza kusema, harufu ile ikawakaba koo, na chini ya mkeka kitu kikaanza kukwaruza, polepole, kikitoka pembe ya jiko, kikipita chini ya nyayo zao hata wakaihisi sakafu ikipata joto, kikaenda, kikaenda, hadi kikafika alipokaa mtoto, kikanyamaza, na Daniella akainama, akalaza sikio chini, akaitika, "Naam, mama."

Uwimbabazi alimnyakua. Aliogopa, tena sana, lakini hasira ilizidi woga.

"Nilikimbia batu ya bunduki kule Rutshuru," alisema taratibu, akiikazia macho sakafu. "Nilikimbia volkano. Wewe sitakukimbia." Akamgeukia Janvier. "Toa misumari yote. Bomoa."

"Unahama?"

"Sihami. Nilimukaribisha ndani. Ndani ikiisha, tuone atakaa wapi."

Jua lilipoinama hapakuwa na kuta wala bati. Mlango peke yake ulisimama katikati ya mawe, na upepo wa ziwa ukapita pale palipokuwa chumba, ukaichukua ile harufu.

"Ndani imeisha," Uwimbabazi alisema. "Rudi kwako."

Walilala kwa jirani. Kesho yake Janvier aliijenga nyumba tena, mlango ukitazama upande wa pili, na kuku wakaingia bila kuswagwa.

Jioni hiyo walikuwa wanakula ilipopigwa hodi. Haikutoka mlangoni. Ilitoka kwenye ukuta wa nyuma, pale mlango ulipokuwa zamani, sauti ya upole ya mtu aliyechoka na safari.

Daniella akafungua mdomo kujibu. Mama yake akaujaza tonge la bugali.

"Kula," alimwambia. "Hapa mama ni mumoja."