Ombi Limepokelewa

Aling Pacing, muuza mkaa wa mlango wa pili, anaapa kwa Bikira Maria kwamba siku ya gharika Serikali ilituma boti mara tatu kumfuata Minda peke yake.

"Mara tatu!" husema, akiinua vidole vyake vyeusi. "Kama mtu anayeita teksi! Zinanipita mimi hapa juu ya bati, nimekumbatia kuku wangu, zinakwenda kwa mpenzi wa Admini. Na mpenzi mwenyewe hayupo! Yuko ndani ya friji!"

Wateja hucheka hapo penye friji. Minda hacheki. Anakoroga uji wake wa mchele huku akisikiliza, maana hadithi ile ina chumvi nyingi, lakini nyama imo.

Mambo yalianza na sufuria. Msimu wa mvua, watu wa mji wa San Telmo hufungua simu kabla ya kufungua dirisha. Wanatazama ukurasa wa jiji, mahali ambapo ofisi ya maafa hutangaza mto umefika wapi, king'ora cha kwanza au cha pili, na lile neno linalongojwa na kila mtoto: leo shule zimefungwa ama la. Anayeandika hana jina wala sura, ana nembo ya jiji tu. Watu humwita Admini.

"Admini, kwetu inanyesha, tufungie shule, utaiona pepo," mtoto mmoja huandika.

"Huyo ni baba yako anamwagilia maua," Admini hujibu. "Kaoge."

Minda alikuwa akiuza uji mbele ya lango la shule iliyo jirani na kwao, uji wa tangawizi na kitunguu saumu cha kukaanga, yai juu yake. Shule ikifungwa, uji unalala. Basi alfajiri moja akaandika: "Kaka Admini, leo nipike sufuria moja au mbili?"

"Moja, dada," likaja jibu. "Na bakuli la Admini lisisahaulike."

Mji mzima ukacheka. Tangu hapo Minda akawa anauliza kila kukicha, na kila kukicha anajibiwa. Moyoni likamkaa swali jingine ambalo hakuliandika: ni nani huyu? Mzee mwenye kitambi na tai? Mwanamke? Au ni mashine tu iliyofundishwa utani?

Asubuhi moja ya jua, pikipiki za abiria zinapigiana honi, wanafunzi wenye mashati meupe wamemzunguka kama njiwa, akasikia sauti juu ya vichwa vyao. "Bakuli la Admini liko tayari?"

Upawa ukasimama hewani. Mbele yake alikuwa kijana mrefu, fulana ya rangi ya machungwa ya ofisi ya maafa, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Minda mwenyewe alikuwa na gauni la maua la kushindia nyumbani, nywele kazibana kwa kibanio cha nguo.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kumbe Serikali ina chunusi!"

"Serikali hailali, dada. Ndiyo maana zinatoka."

"Nitajuaje si tapeli? Thibitisha."

Kijana akatoa simu, akabonyeza. Mfukoni mwa aproni simu ya Minda ikatetemeka. Chini ya swali lake la asubuhi, nembo ya jiji ilikuwa imeandika: *Uji umezidi chumvi.*

"Hujauonja hata!"

"Ndiyo kazi yetu, kutahadharisha mapema."

Watoto wakapiga kelele. Minda akamjazia bakuli, akamwekea mayai mawili, na alipogundua ni mawili alikuwa amechelewa kulitoa la pili.

Jina lake Crisanto. Santo. Ikawa ni simu kutwa. "Umekula?" ndilo lililokuwa neno lake la mapenzi, asubuhi na mchana. "Umekula, kipenzi?"

"Nauza chakula, Santo. Nitakosaje kula?"

"Najua. Nataka kusikia tu unavyokasirika."

Alipokuja nyumbani mara ya kwanza aliuchukua mkono wa Bibi Asyang, bibi yake Minda, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama kijana aliyelelewa, na bibi akampenda papo hapo. Baada ya chakula Santo akamkalisha Minda chini kama mwalimu.

"Ukiomba uokozi kwenye ukurasa, andika watu wangapi, mtaa gani, alama gani iko karibu. Ukishatoka, rudi uandike: tumeokolewa. Hilo la mwisho watu hawaandiki. Boti inakwenda kwenye paa tupu huku mwenzao anazama."

"Mahaba gani haya? Unanifundisha kuzama?"

"Nakufundisha kutoka."

Kimbunga kilipokuja, king'ora cha tatu kililia kabla ya adhuhuri. Maji yaliingia Mtaa wa Kawayan kama mgeni asiyebisha hodi. Minda akampandisha bibi juu ya bati, akampigia Santo, simu haiendi. Akaandika kwenye ukurasa: "Santo, ni sisi, tuko juu ya paa, maji yanapanda!"

Jibu likaja: *Ombi limepokelewa. Tafadhali andika idadi ya watu, mtaa na alama ya karibu.*

Minda alilisoma mara mbili, mvua ikimpiga usoni. Idadi ya watu! Mtu anayejua mpaka bibi amebakiwa na meno mangapi! Akaandika: wawili, Kawayan, mlango wa kijani nyuma ya kanisa dogo. Simu ikazima.

Boti haikuwa imefika bado alipotokea Mang Turo, fundi wa friji, anasukuma friji kuukuu lisilo na mlango, limelazwa chali na kuelea kama mtumbwi.

"Panda, bibi! Hili halijawahi kupoza kitu tangu nilinunue, acha lifanye kazi leo!"

Wakafika uwanja wa mpira wa kikapu, penye paa na watu mia kadhaa na mikeka. Simu ya Minda ilikuwa imekufa, lakini za wengine zilikuwa hai. Angeweza kuazima. Alilikumbuka lile neno, tumeokolewa. Kisha akalikumbuka "tafadhali andika idadi ya watu," akanuna. Mwache anitafute kidogo, akasema moyoni.

Alipopata umeme wa kuchaji, alikuta Santo amepiga mpaka hesabu imechoka. Na ujumbe mmoja: "Ungeandika neno moja tu."

Akajibu: "Na wewe ungeandika neno moja tu."



Maji yalipopungua, Minda akauliza kwenye ukurasa sufuria ni moja au mbili. Hakujibiwa. Ukurasa uliandika: *Shule zimefungwa. Wananchi wazingatie maelekezo.* Hakuna dada, hakuna utani. Minda akaukodolea macho. Mkono ulikuwa mwingine. Watoto nao waliona: "Huyu si Admini wetu. Mmempeleka wapi?" Hata yeye akaanza kujiuliza, na hasira yake ikaanza kupoa kama uji uliosahauliwa.

Ndipo Aling Pacing aliporudi kutoka hospitali, kifua kinakoroma, akasimama katikati ya uchochoro uliojaa tope akaisimulia ile hadithi kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Binti yangu kaandika kutoka Kuwait! Kaandika na kuandika, 'mama yangu yuko juu ya bati, msaidieni.' Hajibiwi. Kisa? Watu wamelisambaza ombi la huyu mpaka boti imekwenda kwake mara mbili, kwenye paa tupu. Ya tatu Admini kaacha meza, kapanda mwenyewe! Mimi nimekaa pale mpaka jua linazama!"

Minda hakungoja kusikia habari ya kuku. Alikwenda vile vile, gauni la maua limetapakaa tope, mpaka ofisi za jiji, wakamwelekeza ghala la misaada lililo nyuma. Akamkuta Santo anajaza mifuko: mchele, sadini, tambi. Fulana ya machungwa haikuwa na pasi.

"Umekula?" Minda akauliza.

Santo hakugeuka. "Wameniondoa kwenye ukurasa. Na ni haki yao."

"Kwa nini ulinijibu kama posta?"

"Watu elfu walikuwa wanasoma, Minda. Kila mmoja ana mpenzi wake juu ya paa. Ningekuita kipenzi pale, ningekuwa nimekupa boti ya mwenzako." Akafunga mfuko kwa nguvu. "Halafu nikakupa hivyo hivyo. Nilipofika kwenye paa lako nikakuta kifuniko cha sufuria kinaelea. Nikasema basi, amekwenda."

"Ningeweza kuazima simu," Minda akasema. "Nilinuna."

Hapo akageuka. Walitazamana, mifuko ikirundikana, mpaka mama mmoja wa nyuma akafoka, "Nyie wapenzi, watu wana njaa!" Minda akachukua kikombe cha kupimia mchele akasimama kando yake. Jioni wakati wa kuondoka, Santo akakitoa kifuniko chini ya meza, kimebonyea upande mmoja.

"Baki nacho," Minda akasema.

Watoto wa San Telmo waliujaza ukurasa kwa "Mrudisheni Admini" mpaka mvua zilizofuata, na wakubwa wakachoka wakamrudisha. Alipotangaza kwa mara ya kwanza kwamba shule ziko wazi na wakaoge, mji ulishangilia kama umeshinda kombe.

Asubuhi hiyo hiyo, foleni ya uji imefika barabarani, simu ya Minda ikatetemeka. Safari hii Santo hakuandika kwenye ukurasa.

"Ombi la uokozi. Idadi: mtu mmoja. Mtaa: ofisi ya jiji, ghorofa ya pili. Alama ya karibu: kifuniko cha sufuria. Anaomba uje umchukue, na usimrudishe."

Minda akafuta mikono kwenye aproni, akaandika: "Ombi limepokelewa."

"Na jibu?"

"Subiri boti."

Akajaza bakuli, akaweka yai, akamwachia mteja upawa, akavuka uchochoro. Aling Pacing alikuwa anapanga mkaa, akikohoa.

"Umeleta nini, mpenzi wa Admini?"

"Uji, Aling Pacing. Na maneno." Minda akamwekea bakuli mkononi. "Santo anataka kunioa. Siku ile ningeandika neno moja, boti ingesimama kwako. Sikuliandika. Nataka uwe mama yetu wa ndoa. Usimame nasi mbele ya altare kama msimamizi wetu."

Aling Pacing akamtazama, akautazama uji. Mbali kidogo, foleni ilianza kulalamika. Simu ikatetemeka mfukoni, Minda hakuigusa.

Mama yule akapuliza uji, akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Minda akabaki pale mlangoni, tone la kwanza la mvua likimdondokea begani, akingoja jibu lake.